Sista Nipishe

Jina lake kamili lilikuwa kwenye kibandiko cha plastiki kifuani, lakini maandishi yalikuwa yamefutika kwa kufuliwa pamoja na sare, na hakuna aliyejisumbua kuyasoma. Wagonjwa walimwita Sista. Mumewe alimwita Mama Lori. Watumishi wenzake wa kituo cha afya, akishawapa mgongo, walimwita Nipishe.

Walilitoa kinywani mwake mwenyewe. Muuguzi mpya anahangaika kutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto anayelia, ghafla anahisi bega likimsukuma taratibu, anasikia "nipishe", na kabla hajageuka vizuri sindano imeshaingia, plasta imeshabandikwa, na mtoto amenyamaza akimkodolea macho yule mama mnene mwenye miwani. Mjamzito analalamika maumivu yasiyoeleweka, muuguzi mpya anampapasa tumbo huku akikumbuka alichosoma chuoni: nipishe. Hata ndoo ya maji ya dawa ilipokuwa ikijazwa kupita kiasi, hata pazia la wodi lilipokuwa likitundikwa upande: nipishe. Mfagizi wa kituo, mzee mmoja mwenye maneno, alidai kwamba siku yeye akifa Sista atafika makaburini, atawatazama wachimbaji kwa dakika moja, kisha atavua viatu na kuwaambia neno lake lile lile.

Alikuwa na sababu ya kuwa hivyo, na sababu yenyewe ilikuwa na miguu, ilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, na iliitwa Lori.

Alipopangiwa kituo kile, bado msichana aliyeolewa karibuni, palikuwa na vyumba vya kutibia homa na vidonda tu. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu alitafutiwa usafiri wa kwenda mjini, na barabara ya mjini ilikuwa ya mashimo kiangazi, ya matope masika. Uchungu wake wa kwanza ulimjia kabla ya siku zake. Gari lililopatikana lilikuwa lori la viazi. Alipandishwa juu ya magunia pamoja na mama mkwe wake, na katikati ya safari lori likazama kwenye tope mpaka ekseli. Dereva alishuka, akageukia upande wa pili, akaanza kuomba Mungu kwa sauti. Mama mkwe alitetemeka mikono kiasi kwamba khanga aliyoishika ilikuwa ikipepea. Ndipo Sista, akiwa chali juu ya viazi, alipoinuka kwa viwiko na kusema, "Mama, nipishe," akampokea mwanawe mwenyewe. Mfagizi husema siku ile walizaliwa wawili, mtoto na neno.

Mtoto alipata jina lake la nyumbani papo hapo, na mama yake akapata kazi ya maisha. Aliwafuata wakubwa wa afya ofisini, kwenye semina, hata mmoja wao kwenye harusi ya binti yake, akidai chumba cha kujifungulia. Walipomwona anakuja walijifanya wanaongea na simu. Alingoja wamalize. Miaka ilipita, na mwishowe nadhani walimjengea ili wapate amani. Kilikuwa chumba cha vitanda viwili, dirisha lililopakwa rangi nyeupe nusu ya chini, toroli moja ya vifaa yenye gurudumu linalovuta kushoto, na bomba lililopiga mluzi kila lilipofunguliwa. Alikihesabu kama mtoto wake wa pili, na kama watoto wengi wa pili, kilideka.

Mwaka wa kustaafu kwake ulipokaribia, msimamizi wa wauguzi alikuja kutoka wilayani. Walikuwa wamesoma pamoja, kwa hiyo hawakuzungushana. Walikaa kwenye vitanda viwili vya chumba kile, wanaangaliana. Msimamizi alisema kwamba kila mwaka humletea muuguzi mpya kutoka chuoni, na kila mwaka muuguzi huyo huomba uhamisho. Kanuni ni kwamba chumba cha kujifungulia lazima kiwe na mtu anayeweza kusimama peke yake.

"Ukiondoka na hakuna wa kusimama," alisema, "nitakifunga, mwenzangu. Sitafurahi, lakini kufuli nitaweka."

"Na akina mama?"

"Wataenda mjini."

"Kwa barabara ile?"

Msimamizi alitazama gurudumu la toroli. "Kwa barabara ile."

Siku ile Sista alikasirika na kila mtu. Aliwakasirikia vijana wa siku hizi, wanaotaka mtandao na saluni. Alivikasirikia vyuo, vinavyofundisha uzazi kwa picha za ukutani. Daktari wa kituo, tabibu mmoja mwembamba aliyemwogopa kuliko alivyoogopa ugonjwa, alimkubalia kila kitu kwa kichwa huku akiendelea kuandika dawa. Mwishowe Sista aliamua kwamba dawa ni moja tu: kumrudisha yule aliyekuwa bora kuliko wote, binti mmoja mrefu aliyeondoka mwaka uliopita. Alipopata siku ya mapumziko alivaa gauni lake la kutokea, akapanda gari asubuhi na mapema, akaenda mjini kumbembeleza.

Alimkuta Mrefu kwenye wodi ya akina mama ya hospitali kubwa, akiwa na haraka. Wakasimama kando ya kabati la mashuka. Sista alianza kwa kumsifia, jambo ambalo hakulizoea, na sifa zikatoka kama mtu anayesoma risiti. Mrefu alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa binti wa heshima, kwa hiyo aliinamisha macho alipojibu.

"Sista, nilikaa kwako mwaka mzima. Unajua nilijifunza nini? Kupisha. Siku yangu ya kwanza hapa walinipa mama wa kujifungua, wakaenda zao. Nilisimama pale nikisubiri bega lako linisukume. Mama wa watu analia, mimi nasubiri bega."

Sista aliuliza, kwa sauti ndogo, yule mama alikuwaje. Mrefu akasema alikuwa mzima, mtoto pia, lakini si kwa sababu yake. Halafu akaitwa, akaomba ruhusa, akaondoka mbio. Sista alibaki anatazama mashuka. Yalikuwa yamekunjwa vibaya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuyagusa.

Jioni alimsimulia mumewe. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, aliyezoea kuongea na pini mdomoni. Kwa kawaida angetoa mzaha. Siku hiyo alizitoa pini, akazichomeka kwenye mto wake, na hilo lilimtia mkewe wasiwasi zaidi kuliko kama angecheka.

"Mwanafunzi wangu wa kwanza aliniharibia suruali mpaka wateja wakanihama," alisema. "Nilikunja mikono nikamwacha. Leo ana duka lake."

"Kitambaa chako hakina mama, Baba Lori. Ukikikata vibaya hakitoki damu."

Fundi alifikiri. Alivuta droo ya vipande, akatoa kipande cha flana nyekundu, akakiweka mapajani mwa mkewe.

"Basi mpe kitambaa."

Usiku huo na jioni zilizofuata, nyumba yao ilishuhudia mazungumzo ambayo fundi hatayasahau. Sista alitaka mfuko wa uzazi wa kitambaa, wa ukubwa wa ule wa mwanamke aliyetoka kujifungua muda huo huo. Fundi aliuliza vipimo. Akauliza kama utahitaji bitana. Akauliza, kwa adabu kubwa na bila kumtazama mkewe usoni, kama utahitaji vifungo. Alishona mfuko wenye kamba ya kuvuta shingoni, ukivutwa unakaza, ukiachiwa unalegea kama kizazi kilichochoka. Ndani yake alitia mpira wa baiskeli ulioweza kujazwa maji mekundu na kuvuja. Kando yake alishona kibofu cha mkojo, kijifuko kidogo cha plastiki kilichovalishwa flana ya manjano. Kondo la nyuma alilitengeneza kwa soksi kuukuu, akaacha pande moja linalobanduka kwa kishikizo, ili anayejifunza aweze kugundua kwamba halikutoka lote. Alipomaliza alikiinua kitu kile kwenye mwanga wa taa, akasema ameshona suti za maharusi na sare za jeshi, lakini hii ndiyo kazi ambayo hawezi kuitundika dirishani.

Muuguzi mpya alifika mwezi uliofuata, na begi la magurudumu lililokataa kutembea kwenye kokoto. Alikuwa binti mfupi, mwenye sauti ya kuazima, na aliomba radhi kwa kila kitu. Alimwambia samahani mlinzi kwa kumwamsha. Alijigonga kwenye kitanda, akamwomba kitanda radhi. Kufika siku ya pili mfagizi alikuwa ameshampa jina, akawa Samahani, na yeye alipolisikia aliitika.

Sista alimtazama, moyo ukashuka. Huyu ndiye mtu wa mwisho atakayeletewa kabla ya kufuli.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri, kwa sababu hapakuwa na jambo gumu. Kisha akaja mwanamke mmoja aliyeharisha mpaka mishipa ikazama, akahitaji dripu upesi. Samahani alijaribu mkono wa kulia, akakosa. Akajaribu wa kushoto. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. Sista alijikuta ameshasema, bega limeshapita, kanula imeshaingia, maji yanadondoka vizuri. Mgonjwa akashukuru. Samahani akawa amesimama pembeni, mikono nyuma, amepisha, tena amepisha kwa ustadi, kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Akasema, "Samahani, Sista."

Sista alirudi kwenye chumba cha kujifungulia, akafunga mlango, akafungua bomba lipige mluzi ili asisikike akijitukana.

Aliyemponya hakuwa mtu bali mfuko wa vifaa vya kufumia. Ulikuwa umekaa chini ya kitanda chake nyumbani miaka mingi: sindano mbili za kufuma na mabonge ya uzi wa sufu, urithi wa mama mkwe wake, yule wa kwenye lori. Mama yule alijaribu kumfundisha kufuma masweta, akaishia kwenye kofia ya mtoto mchanga, maana hicho ndicho kitu pekee ambacho mkwewe alikuwa na subira ya kukimaliza. Sista aliupeleka mfuko kazini. Aliweka kigoda kwenye kona ya chumba cha kujifungulia, karibu na dirisha, mahali anapoona kila kitu. Akamwita Samahani.

Alimweleza utaratibu kwa ufupi. Kuanzia leo yeye Sista atakaa pale, na mikono yake itakuwa na kazi. Binti atafanya, na atasema kwa sauti kila anachokiona na kila anachokifanya, hata kama anaona haya, hata kama mgonjwa atamwona kichaa. Akisikia "simama", asimame hapo hapo, maana mgonjwa ndiye wa kwanza na mafunzo baadaye. Asiposikia kitu, aendelee. Na akitaka mikono ya Sista, aiombe kwa kuitajia kazi: shika hiki, leta kile, sugua hapa.

"Nikuagize wewe, Sista?" aliuliza binti, na macho yakamtoka.

"Niagize. Ukisema samahani mbele ya agizo, silifanyi."

Basi mchana, wagonjwa wakipungua, walifanya mazoezi kwenye kitambaa. Sista alivuta kamba na kuiachia bila kumwambia binti, alijaza maji mekundu, alibandua pande la soksi akalificha mfukoni, alikijaza kibofu cha manjano, kisha akakaa kigodani na kusema tu, "Huyu anatoka damu." Binti akaanza kuimba wimbo wake: kizazi ni laini, nasugua, naita msaada, naweka sindano ya kukaza, naweka dripu, kondo limetoka lote au halikutoka, kibofu, michaniko ya njia ya uzazi. Mwanzoni aliruka hatua, akampoteza mama wa flana, akalia. Sista hakumbembeleza. Alijaza maji upya. Daktari alipita siku moja, akaona maji mekundu sakafuni, akarudi nyuma bila kuuliza.

Lakini kitambaa kilikuwa rahisi kuliko wanawake wenye ndugu. Watu wa pale walikuwa wamemzoea Sista kwa mikono yake. Sasa walimkuta amekaa kigodani kama mgeni aliyekuja kuposa, anafuma, na kitoto kisichojulikana kinamzalisha binti yao. Maneno yakaenea kwamba Sista amechoka, kwamba ameanza kustaafu kabla ya siku. Bibi mmoja, aliyekuja na mjukuu wake, alisimama mbele ya kigoda na mikono kiunoni.

"Mjukuu wangu anazaa, wewe unafuma?"

"Nafuma, bibi."

"Na huyu mtoto ndiye atakayenizalishia mjukuu?"

"Ndiye. Na mimi nipo hapa, sitoki."

Bibi alitoa mguno ambao ungeweza kuangusha rangi ya ukutani. Mjukuu alijifungua salama, mikononi mwa Samahani, huku Sista akihesabu macho ya uzi kwa meno yaliyokazwa. Maana hakuna aliyejua alivyoteseka. Kila binti alipochelewa kidogo, kila aliposhika mkasi kwa pembe isiyo sawa lakini isiyo na madhara, mabega ya Sista yaliinuka yenyewe. Aliyashusha. Alifuma. Akina mama wa pale, ambao hakuna kinachowapita, waliigundua siri hiyo kupitia kofia. Mtoto aliyezaliwa upesi alipata kofia fupi, ya kuziba utosi tu. Uchungu uliovuta siku nzima ulitoa kofia ndefu kama soksi ya askari. Na palipokuwa na wasiwasi, uzi ulikazwa mpaka kofia ikasimama yenyewe mezani. Wakawa wanalinganisha kwenye foleni ya chanjo: wako alikusumbua sana, eh, naona kofia.

Hali ilikwenda hivyo, mbele hatua, nyuma nusu, mpaka asubuhi ya mvua kubwa karibu na mwisho wa mwaka.

Mwanamke aliyekuja alikuwa mke wa mwashi, mimba yake ya tano. Alijifungua haraka, mtoto wa kiume, mwenye sauti, na Sista kigodani alikuwa hajamaliza hata ukingo wa kofia. Samahani aliisema kazi yake kwa sauti kama kawaida: mtoto amelia, nimemkausha, yuko kifuani, mama nimempa sindano ya kukaza, kondo linatoka. Kisha sauti ikabadilika.

"Damu ni nyingi."

Bomba halikupiga mluzi, mvua ndiyo ilipiga bati. Sista aliiona damu kabla ya kuambiwa. Iliteremka kwenye mpira wa kitanda, ikapata njia, ikaanza kudondoka. Moyo wake ulisimama kwenye lori la viazi. Aliyajua yote ya kufanya, aliyajua kwa mpangilio, mikono yake iliyajua kabla ya kichwa. Alifuma jicho moja. Hakusema "simama", kwa sababu binti hakuwa amekosea kitu.

"Kizazi ni laini, nasugua," Samahani alisema. "Nahitaji msaada. Sista, mwite daktari, kisha njoo na mikono."

Sista aliweka uzi chini, akapiga kelele mlangoni, akavaa glavu, akasogea.

"Sugua hapa, usiache. Mimi naweka sindano ya pili."

Akasugua. Chini ya kiganja chake kizazi kilikaza kidogo, kikalegea tena, kikapanda juu na kukimbilia upande, na hapo hapo Sista akajua. Kibofu kimejaa, kinakisukuma kizazi, hakitakaza kamwe mpaka mkojo utoke. Alijua kama unavyojua jina la mwanao. Daktari alikuwa ameshafika, akapewa mkono wa kuwekea dripu, akaufanyia kazi. Mwanamke alikuwa anapiga miayo, amekuwa wa rangi ya majivu, anauliza mtoto yuko wapi na mtoto yuko kifuani kwake.

Sista alijipa pumzi moja. Binti asipolisema katika pumzi hiyo, atalisema yeye, na chumba kifungwe kama ni kufungwa.

"Kondo," Samahani alisema, akaligeuza kwenye beseni, vidole vikitembea ukingoni. "Kondo limetoka lote. Kibofu." Aliweka mkono juu kidogo ya mfupa wa kinena. "Kibofu kimejaa. Mpira wa mkojo."

Toroli ilikuwa ubavuni mwa Sista. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye kizazi, na wa pili, bila kuagizwa na mtu, ulikuwa umeshafika kwenye pakiti ya mpira, vidole vimeshaanza kuichana. Bega lilikuwa limeshageuka.

"Nipishe, Sista," alisema binti. "Wewe endelea kusugua."

Hakuinua sauti. Aliichukua pakiti vidoleni mwa Sista, akaifungua vizuri, akafanya kazi yake, na mkojo ukatiririka kwenye beseni kwa muda mrefu. Mikono miwili ya Sista ilirudi mahali ilipoagizwa. Chini yake kizazi kilishuka, kikajikusanya, kikawa kigumu na cha mviringo. Damu ikapungua, ikawa matone, ikawa kawaida.

"Kimekaza," alisema Sista, kwa kuwa sasa ilikuwa zamu yake kutoa taarifa.

"Kimekaza," alirudia binti. "Usiache bado. Daktari, dripu nyingine. Natazama michaniko."

Daktari alimtazama Sista, akimsubiri. Sista alimwonyesha binti kwa kidevu. Daktari akatundika dripu nyingine.

Mvua ilipopungua na mke wa mwashi amepata rangi, anadai kitu cha moto cha kunywa, Sista alimkuta Samahani amekaa kwenye ngazi za nyuma. Alileta vikombe viwili vya chai, akakaa kando yake kwa kujishikilia ukutani. Akamwambia dripu ya kwanza ingeweza kuwekwa mapema kidogo. Binti akasema ndiyo, ameliona hilo. Wakanywa.

"Lile neno nililokwambia mle ndani," binti alianza, "samaha..."

"Usilimalize. Wewe umelisema kwa sababu. Mimi nimelisema miaka yote kwa mazoea." Kisha akamtazama juu ya miwani. "Na sikujua kama linauma hivi."

Binti alicheka mpaka chai ikamwagika, na hakuiomba radhi ngazi.

Msimamizi alikuja wiki chache baadaye na kufuli kwenye begi, alikiri hivyo mwenyewe, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganya. Alimkuta Samahani na mama mwenye uchungu, akakaa kigodani kumtazama, maana hapakuwa na kiti kingine. Aliuliza maswali mengi. Aliomba kuuona mfuko wa flana, akauvuta kamba, akauachia, akauvuta tena. Alipoondoka aliomba fundi amshonee mingine ya kupeleka vituo vya huko ndani, na fundi aliposikia akauliza kama sasa anaweza kuitundika dirishani. Kufuli lilirudi wilayani.

Sista alistaafu mwezi ule uliopangwa. Walimpa saa ya ukutani na hotuba ya daktari, ambayo ilikuwa fupi kwa kuwa bado alimwogopa. Mfagizi alimwambia sasa ni yeye wa kuwapisha wengine, na kwa mara ya kwanza alimwita jina lile usoni. Sista alimwambia ufagio wake bado unasukuma vumbi tu.

Mwaka mmoja baadaye, Jumapili baada ya chakula cha mchana, mtu alibisha hodi. Alikuwa Samahani, ingawa jina hilo lilikuwa limekufa kwa kukosa kazi, na sasa wagonjwa walimwita Sista. Alimwamkia fundi, akamwamkia mama wa nyumba, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alizunguka kidogo. Mwishowe alisema kwamba wamemletea muuguzi mpya. Kijana wa kiume, mwema, mzito kidogo wa mikono. Jana alikuwa anatafuta mshipa, akakosa, na yeye akajikuta...

"Umemsukuma na bega," alisema mama wa nyumba.

"Nimemsukuma na bega. Na nimelisema." Binti alifunika uso. "Mama, naomba unifundishe kufuma."

Mama Lori aliingia chumbani, akainama kwa shida, akavuta ule mfuko chini ya kitanda. Alimpa binti sindano na bonge la uzi wa buluu. Alimwonyesha macho ya mwanzo mara moja, taratibu, kisha akayafumua yote na kumrudishia.

Binti alianza. Alikuwa na mikono iliyoweza kuupata mshipa wa mtoto gizani, lakini uzi ulimshinda. Jicho la kwanza lilikuwa kubwa, la pili likabana, la tatu likateleza na kuondoka na mengine yote. Uzi ukazunguka kidole gumba, ukapita chini ya kwapa, ukafika kwenye mguu wa kiti. Fundi alitazama kutoka kwenye cherehani yake, akatia pini mdomoni ili asiseme kitu.

Mama Lori alivuta pumzi. Aliingiza mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia kwa uzito wake wote.

"Endelea," alisema.